Mafunzo Tuliyoyapata kwa Kuweka Kamera za Ulinzi



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wanafunzi, na nyinyi wazazi wetu mnaosoma jarida hili pamoja na watoto wenu, walimu wametuomba tuandike jambo lenye manufaa. Tumeona tuandike juu ya jambo tuliloliharibu kwa mikono yetu wenyewe, ili mwenzetu atakayetaka kuweka kamera dukani au nyumbani asipite tulikopita sisi.

Sisi ni ndugu watatu wa nyumba moja, na sote tumesoma madrasa hii. Wazazi wetu wana duka la vyakula hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani. Mbele ni duka, katikati ni stoo, na nyuma ndiyo nyumba tunayoishi. Mwaka 2022 hesabu za duka zilianza kupungua. Leo inakosekana katoni ya mafuta, kesho mfuko wa sukari, na kila mwisho wa mwezi mama anashika tama. Tukakata shauri kununua kamera.

Tulivyoanza kwa pupa

Tulikwenda dukani tukauliza swali moja tu: ipi ya bei nafuu? Tukapewa seti ya kamera nne na mashine yake ya kurekodia. Tukamtafuta fundi, akazifunga kwa siku moja. Kamera moja aliiweka juu kabisa mlangoni, ikitazama barabarani. Ya pili kaunta, ya tatu stoo, na ya nne ukutani nyuma ya nyumba. Mashine tukaiweka rafuni karibu na kaunta, kila mtu aione. Tulifurahi sana. Tulikaa mbele ya skrini kama watoto waliopata kitu kipya, tukaamini kwamba mwizi amekwisha.

Baada ya wiki mbili zikakosekana katoni mbili za mafuta. Tukarudisha picha nyuma, na tukamwona kijana wetu wa dukani yuko stoo peke yake, anabeba katoni mbili anatoka nazo. Saa kwenye picha inasema 21:20, yaani saa tatu na dakika ishirini usiku. Duka letu hufungwa saa mbili, na kijana huyo alikuwa na ufunguo wa stoo.

Tulimwita tukamuuliza: "Usiku wa Jumamosi uliingia stoo kufanya nini?" Akajibu: "Usiku sikuingia. Nilifunga nikaenda kuswali Isha, kisha nikaenda kulala." Tukamuuliza mama kama alimtuma usiku ule, akasema hakumtuma. Basi kwetu ikawa imekwisha, ushahidi tunao. Kijana alilia, akatoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya kaunta, akaenda zake kwao Muheza. Na mmoja wetu, Mungu atusamehe, akaituma ile picha kwenye kundi la ukoo katika simu.

Saa ya nchi nyingine

Siku ya tatu yake baba alikuwa dukani anajitayarisha kwenda msikitini. Muadhini anaadhini Maghrib, na baba macho yake yako kwenye skrini. Akatuita: "Wanangu, hii saa yenu ni ya nchi gani?" Tukatazama. Nje Maghrib inaingia, na skrini inasema 23:31.

Mashine ilitoka kiwandani ikiwa na saa za China, ambazo ziko mbele ya saa zetu kwa saa 5. Fundi hakuibadilisha, na sisi hatukuitazama. Kwa hiyo ile 21:20 ilikuwa saa kumi na dakika ishirini, mara baada ya sala ya alasiri. Stoo yetu haina dirisha na taa yake huwaka mchana na usiku, ndiyo maana hatukuona tofauti. Tukafungua daftari la kupeleka mizigo: Jumamosi, alasiri, katoni mbili za mafuta, zimepelekwa kwa mama mmoja mwenye mgahawa, na sahihi yake ipo. Aliyemtuma ni mama yetu mwenyewe.

Kijana alisema kweli, na mama alisema kweli, ila saa ndiyo iliyosema uongo, na sisi tukaisadiki saa. Tena tuliitazama dakika ile moja tu. Lau tungeiacha picha iendelee tungemwona mama anaingia stoo kuhesabu chumvi, jambo ambalo hafanyi usiku.

Sote tulihifadhi Suratul Hujurat katika madrasa hii. Aya ya 6 inatuamrisha kuhakiki habari, na aya ya 12 inatukataza dhana mbaya na kupelelezana. Tuliisoma kwa tajwidi nzuri, lakini siku ya kuitumia tuliisahau.

Tulipanda gari sisi watatu pamoja na baba mpaka Muheza, tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Kisha tukaandika kwenye lile kundi la ukoo, mahali palepale tulipomchafua, kwamba tulimdhulumu. Alitusamehe, lakini kurudi hakurudi. Na upungufu wa hesabu? Tulipokaa na madaftari usiku kucha tuligundua kuwa sisi wenyewe tulikuwa tukiwakopesha watu bila ya kuandika, kila mmoja akidhani mwenzake ameandika.

Ukuta wa nyuma

Hatujamaliza kutubia la kwanza, likaja la pili. Nyuma yetu anaishi bibi mmoja mtu mzima, tumekulia mikononi mwake. Siku moja alimwambia mama: "Mwanangu, mimi sasa kuanika nguo zangu uani naona haya. Lile jicho lenu linanitazama." Kumbe tangu kamera ya nyuma ifungwe, bibi alikuwa akivaa buibui ndani ya ua wake mwenyewe. Tulipoitazama ile picha kwa makini, robo yake ilikuwa ni ua wa bibi: kamba yake ya nguo, jiko lake, na mlango wa bafu. Na picha hiyo ilikuwa ikionekana kwenye simu za watoto wa kiume watatu.

Mwalimu wetu alitukumbusha hadithi aliyoipokea Sahl bin Saad (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (S.A.W.). Mtume alimkemea vikali, na akabainisha kwamba amri ya kubisha hodi imewekwa kwa sababu ya macho. Kwa hiyo anayeingiza jicho lake katika nyumba ya watu ni kama ameingia bila ya hodi, ingawa miguu yake iko kwake. Kamera ni jicho letu. Tuliiteremsha siku ileile, na bibi tukamwonyesha picha mpya kabla ya kukaza skrubu.

Namna ya kuchagua na kufunga

Baada ya hayo tulianza upya kwa kuuliza wanaojua na kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata, na mwenye kutaka na ayafuate.

Kwanza, jiulize unataka kuona nini. Kujua kwamba kuna mtu amepita ni jambo moja, na kumtambua uso ni jingine. Ili kumtambua mtu usiyemjua, picha inatakiwa iwe na kama pikseli 250 kwa kila mita ya upana. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana, kwa hiyo inatosha kwa upana usiozidi mita 7 na nusu. Lenzi ya milimita 2.8 huona mahali papana, lakini uso hautambuliki vizuri kupita mita 3 hivi. Lenzi ya milimita 6 huona mahali pembamba zaidi, na uso hutambulika mpaka kama mita 7. Mapana ni ya kaunta na stoo, membamba ni ya getini.

Pili, usiiweke juu mno. Ile yetu ya mlangoni ilikuwa mita 4 kwenda juu, ikawa inapiga picha za kofia tu. Mlangoni mita 2 na nusu zinatosha, iwapo haifikiwi kwa mkono kirahisi.

Tatu, usiielekeze kwenye mwanga. Ikitazama mlango uliojaa jua, kila anayeingia huwa kivuli cheusi. Igeuze, au nunua yenye uwezo wa kusawazisha mwanga na kiza.

Nne, chagua mfumo unaofaa nyumba yako. Kamera zinazotumia waya kama wa antena ya televisheni ni za bei nafuu, na zinafaa mahali palipo na nyaya za zamani. Kamera za mtandao hutumia waya mmoja kwa picha na umeme pamoja, lakini waya huo usizidi mita 100. Hakikisha ni wa shaba tupu, maana upo wa alumini iliyopakwa shaba, na huo hupoteza nguvu njiani. Zile zinazoitwa hazina waya nyingi huhitaji waya wa umeme vilevile.

Tano, piga hesabu ya diski. Kamera moja inayorekodi mfululizo kwa kiwango cha megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne hula kama 173, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 hujaa kabla ya siku 6, kisha picha za zamani hufutwa. Kuna njia mpya ya kubana picha ambayo hupunguza karibu nusu. Nunua diski iliyotengenezwa kwa kazi hii, kwa kuwa ya kompyuta ya kawaida huchoka upesi.

Sita, ficha mashine na uipe umeme wa akiba. Mashine ikiwa rafuni, mwizi ataondoka nayo pamoja na picha zake. Yetu sasa imo katika kabati lenye kufuli na matundu ya hewa, na UPS ndogo huiendesha umeme ukikatika.

Saba, badilisha neno la siri siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingi duniani kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha, na mwezi Oktoba mwaka huo ikatumika kuangusha tovuti kubwa za Marekani.

Nane, rekebisha saa. Weka majira ya Afrika Mashariki, kisha kila Ijumaa ilinganishe na saa ya simu. Hili kwetu sasa ni kama wajibu.

Tisa, tazama usafi. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, hivyo ziba viungo vya waya na chagua ganda lisiloingiza maji. Buibui nao hupenda joto na mwanga wa kamera usiku, na utando wao hufunika picha yote. Kitambaa laini mara moja kwa wiki kinatosha.

Kumi, linda haki za watu. Usiweke kamera chumbani, msalani, wala wanapokaa wanawake wa nyumba. Ua wa jirani ukiingia kwenye picha, geuza kamera au ufunike upande ule kwa rangi nyeusi ndani ya mashine, kwani mashine nyingi zina uwezo huo. Bandika tangazo mlangoni ili wateja na wafanyakazi wajue. Wenye kutazama wawe wawili tu, na picha ya mtu isitumwe kwenye simu za watu. Na tujue kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na nchi jirani ya Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sura ya mtu ni taarifa yake, si mali ya mwenye kamera.

Hitimisho

Leo duka letu lina kamera tatu tu, na daftari la mikopo linaloandikwa kila siku. Tukiulizwa kipi kimelinda mali zaidi, tutasema daftari. Kamera ina faida, nasi hatuwakatazi. Lakini hailingani na malaika waandishi waliotajwa katika Suratul Infitar, ambao wanayajua yote tunayoyatenda na saa yao haikosei. Yetu inaona kipande tu, na kipande hicho kinaweza kumdhulumu mtu asiye na kosa.

Ndugu zetu wanafunzi, tunakuombeni mtuombee msamaha, na mumwombee kheri yule kijana popote alipo. Mwenyezi Mungu azilinde mali zetu, na azilinde ndimi na macho yetu yasiwadhuru waja Wake. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.