Mizabibu Iitwayo Mababu

Katika jimbo la Australia ya Kusini liko kanisa la Walutheri liitwalo Gnadenberg, maana yake Mlima wa Neema. Mbele yake ni shamba la jamaa ya Henschke. Mizabibu yake ya kale ilipandwa yapata mwaka 1860, na wenyewe huiita Mababu. Mashina ni manene, yamepindapinda. Huzaa haba, lakini divai yake nyekundu ni nzito ajabu. Huko Ulaya mdudu mdogo aliila mizizi ya mizabibu mingi mno. Jimbo hili hakulifikia. Hatari ilikuja kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1980 divai ilizidi, bei ikaanguka, na serikali ikawalipa wakulima fedha wang'oe mizabibu. Mikongwe mingi ikang'olewa! Mababu wakabaki, na wangali wakizaa.