Hofu Yenye Msingi

Walimu wenzetu, kivumishi kimoja cha Kiingereza chaweza kuamua mtu atalala nchi gani. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 wamtambua mkimbizi kwa hofu iliyo "well-founded" ya kuteswa kwa ajili ya asili yake, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au maoni ya siasa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imelichukua neno lilo hilo, ikaongeza na jinsia katika orodha.

Waingereza wamechora nyumba: hofu iliyochimbiwa msingi. Wafaransa, ambao maandishi yao yana nguvu sawa na ya Kiingereza, hawakutumia kivumishi; kwao mtu aogopa "avec raison", yaani kwa sababu ya haki. Warusi wamerudi kwenye nyumba. "Obosnovannye" latokana na "osnova", msingi. Ila wametanguliza "vpolne", yaani kabisa. Tena hawakuandika "strakh", hofu yenyewe, bali "opaseniya", wasiwasi wa mtu ajihadhariye. Nomino imepunguzwa uzito, kivumishi kimeongezwa! "Kabisa" hiyo haitupendezi. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Cardoza-Fonseca, iliamua kwamba hofu yaweza kuwa na msingi hata kama uwezekano wa kuteswa haufiki nusu.

Je, Kiswahili? Katika makazi ya Nakivale, kusini-mashariki ya Mbarara, Wakongo na Warundi wengi huelewana kwa lugha yetu, na mkalimani hana siku mbili za kufungua kamusi. Akisema "woga wa kweli", amepima moyo tu, na kuyaacha mambo yaliyotokea. Isitoshe, woga una jirani yake, mwoga, na hakuna apendaye kuhojiwa kama mwoga. Sisi twachagua "hofu yenye msingi" kwa maandishi. Lakini mwanafunzi wetu mmoja hapa Mbarara, alipolisikia, alidhani ni habari za shule ya msingi.

Basi mbele ya mkimbizi mwenyewe twaona afadhali mkalimani akiache kivumishi, afuate njia ya Wafaransa, aulize kwa kitenzi: "Mama, ni jambo gani likufanyalo uogope kurudi?" Kisha anyamaze, amwache aeleze.