Simba na Yanga nawaachia wenyewe, mie wangu ni Angella

Mpenzi msomaji, kila mtu na ugonjwa wake. Wako wanaougua Simba, wako wanaougua Yanga, na wako hapa hapa Lisekese ambao Arsenal ikifungwa hawagusi chakula cha usiku. Wanawake wenzangu watanielewa, maana sahani hurudi jikoni kama ilivyokwenda. Mwenzenu ugonjwa wangu ni tenisi. Tena si tenisi yote, sina haja ya kuwadanganya kwamba naijua sana. Ni tenisi ya msichana mmoja tu, Mkenya, anaitwa Angella Okutoyi.

Watu wakisikia hucheka. Fundi viatu tunayekaa naye kibaraza kimoja huniuliza kama "wale wa mpira wa limau" wameshacheza leo. Namwacha acheke. Huku kwetu Masasi mtoto wa kiume akiaga anakwenda kucheza, ujue ni mpira wa miguu. Wa kike ni netiboli au rede. Raketi watu wanaionea kwenye televisheni, tena wakiwa wanatafuta stesheni nyingine.

Ugonjwa ulinianza Januari 2022. Fundi cherehani yeyote atakwambia Januari si mwezi, ni vita. Shule zinafunguliwa, na kila mzazi anataka sare ya mwanawe itangulie ya mtoto wa jirani. Nilikuwa nashona sketi za buluu usiku, redio iko pembeni. Redio ikasema msichana wa Kenya amekuwa wa kwanza wa nchi ile kushinda mechi kwenye mashindano makubwa ya tenisi ya vijana, kule Australia. Kamfunga Mwitalia, Federica Urgesi. Habari yenyewe ilikuwa inanipita hivi hivi. Kilichonisimamisha mguu juu ya pedeli ni maneno yaliyofuata: kwamba mama yake alifariki baada ya kumzaa yeye na pacha wake, Roselida, na kwamba wote wawili walilelewa na bibi yao, Mary Ndonda, mfanyakazi wa shule ya msingi Loresho, Nairobi.

Sasa mie nami mama yangu alikufa kwenye uzazi wangu. Kanilea bibi, mzaa mama, kwa pesa ya mabibo. Msimu wa korosho watu walikuwa wakiokota korosho, bibi akiokota mabibo waliyoyatupa chini ya mikorosho. Mengine aliyakamua akauza uraka, mengine akayaanika juani yakawa kochoko ya kuuza baada ya msimu. Shilingi hizo ndizo zilizoninunulia daftari, na hizo hizo zikaninunulia cherehani ya kwanza. Kwa hiyo redio iliponitajia bibi na wajukuu wawili wasio na mama, sikuona Nairobi mbele yangu. Niliona uani kwetu.

Asubuhi nikamsimulia bibi. Alikuwa bado yupo, mtu mzima sana, macho yameingia ukungu lakini masikio mazima. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Huyo mwenzangu, yeye hajambo?" Nikamwambia hajambo. Basi tangu siku hiyo Angella hakuwa na jina kwa bibi. Alikuwa "mjukuu wa mwenzangu". Jina la Ndonda nalo lilileta vurugu, maana majirani walishikilia kwamba redio imekosea, huyo bibi ni mtu wa Ndanda, hapa barabarani tu, na kwamba Wakenya kwa kupenda vya watu wamemchukua. Niliwakatalia wiki nzima. Mpaka leo wako wasioamini.

Kitu kingine kilichomwingia bibi ni habari ya mjomba. Aliyempa Angella raketi ni mjomba wake, Allan Atavachi, kocha wa tenisi, mtoto akiwa na miaka 4. Huku kwetu, kwa Wamakua, Wamakonde na Wayao, mjomba si mtu wa kuja na soda siku ya sikukuu halafu akaondoka. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Bibi akasema, "Hapo sawa. Huyo kalelewa na watu." Mchezo wenyewe hakuuelewa hata kidogo. Aliwahi kuniuliza kwa nini watu wenye hela zao wanagombea kipira kimoja kidogo namna ile, si kila mtu angenunuliwa chake?

Mwaka wa mpenzi wa tenisi unakwenda na mwaka wa korosho, hili nimeligundua mwenyewe. Mashindano ya Australia yanakuja Januari, mvua na sare za shule. Ya Ufaransa yanaanza Mei, watu wakianza kusafisha chini ya mikorosho. Wimbledon, kule Uingereza, ni mwisho wa Juni na Julai, wakati wa kupulizia salfa. Ya Marekani yanaanza mwisho wa Agosti, na yakiisha watu wanakagua matawi kuona korosho zimeshika vipi. Kwa saa pia kuna mateso yake. Mechi ya asubuhi Melbourne, saa tano yao, huku ni saa tisa usiku. Ile Januari nilikuwa macho saa hizo kwa ajili ya sketi, kwa hiyo mume wangu hakuwa na la kusema. Angella akamfunga na Zara Larke, mwenyeji wao, akafika raundi ya tatu, ndipo akatolewa. Siku chache baadaye akatimiza miaka 18.

Nyuma ya daftari langu la vipimo nikaanza kumwandikia matokeo. Mbele kuna viuno na mabega ya wateja, nyuma kuna Angella.

Halafu ikaja Julai 2022, Wimbledon. Angella anacheza wawili wawili kwa wasichana, mwenzake ni Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Wakashinda wakashinda mpaka fainali. Upande wa pili wa wavu wapo Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Lishikeni hilo jina la Mboko, nitalirudia.

Fainali ile sikuiona kwa macho, niliifuata kwa namba za simu. Sijui kama msomaji umewahi kuangalia mchezo wa namba. Hakuna mtu, hakuna mpira, kuna tarakimu tu zinazobadilika, na mtandao wetu ukichoka tarakimu zinaganda kama zimepigwa na shetani. Seti ya kwanza wakafungwa 3-6. Ya pili wakashinda 6-4. Hapo badala ya seti ya tatu inachezwa ile ya kuhesabu pointi, anayefika 10 wa kwanza ndiye mshindi, ila lazima amzidi mwenzake kwa 2. Zikafika 9-9. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu anataka nimpime mkono wa gauni, nikampima mkono mmoja mara tatu. Ikawa 10-9. Simu ikaganda. Nilipoiinua juu, maana tuna imani kwamba mtandao hupita juu, ikaja 11-9, na majina ya Angella na mwenzake yamekolezwa wino. Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la mashindano yale makubwa. Nilipiga kigelegele mpaka mtu wa bodaboda akapunguza mwendo kuuliza nani anaolewa.

Bibi akataka kujua kama wamempa kikombe cha kunywea au cha kuweka. Nikasema cha kuweka. Akasikitika kidogo.

Sasa ndugu msomaji, mpaka hapo kila mtu ni mpenzi. Magazeti yanaandika, redio zinataja, wakubwa wanapongeza. Ushabiki wenyewe unaanza wakinyamaza. Mtoto akishapita miaka 18 anaingia kwa wakubwa, na huko Wimbledon ya vijana haimnunulii mtu nauli. Anaanzia mashindano madogo kabisa, yale ambayo zawadi yote, ya wote, ni dola 15,000. Anayetolewa raundi ya kwanza anaondoka na dola zisizofika 200, na hapo kalipia ndege, kalala hotelini, kala, kafua. Pointi anazopata zinakaa wiki 52 tu, halafu zinafutika. Mie nawaeleza watu wa huku hivi: pointi ya tenisi ni salfa. Ya mwaka jana haiukingi mkorosho na ubwiri unga mwaka huu. Lazima upulizie tena, na salfa haiji shambani kwa miguu yake.

Mtu wa Ulaya anapanda treni kufuata mashindano ya wiki hii na ya wiki ijayo. Wa Nairobi kila wiki ni ndege. Wakenya waliwahi kuwa na Paul Wekesa, mwaka 1995 alifika nafasi ya 100 duniani na alitwaa mataji 3 ya wawili wawili, hivyo si kwamba njia haipo. Ipo, ila ni ndefu na ina geti kila kona.

Angella akaenda kusoma Marekani, Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, akawa anachezea timu ya chuo. Wako waliosema amekata tamaa. Mie nasema katumia akili: kiwanja bure, kocha bure, masomo juu yake. Ila kwa mpenzi ilikuwa kazi. Mechi ya chuo ikianza saa nane mchana kule, huku ni saa nne au saa tano usiku kufuatana na majira yao, na hutamsikia redioni. Unatafuta mwenyewe jina moja kati ya 6.

Bibi alifariki Februari 2024, usingizini, hakumsumbua mtu. Arobaini ilikuwa haijafika. Machi, kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra, Angella akamfunga Mmisri, Lamis Alhussein Abdel Aziz, kwenye fainali ya wanawake, akachukua dhahabu. Nilinyanyuka na simu mkononi kwenda chumba cha uani kusema. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikaegemea pale kidogo, nikarudi kwenye cherehani, nikaandika kwenye daftari: Accra, dhahabu. Nikaongeza chini, "mwenzio hajambo". Mteja mmoja alikuja kuliona lile neno akadhani ni kipimo cha mtu.

Dhahabu ile ilikuwa ndiyo tiketi ya Olimpiki ya Paris, lakini tenisi ilidai na jambo la pili, uwe pia ndani ya 400 bora wa dunia. Angella hakuwamo, na Paris hakwenda. Mshindi wa Afrika nzima! Nilikasirika siku mbili. Fundi viatu, safari hii hakucheka, akasema hata korosho daraja la kwanza inaweza kukaa ghalani ikingoja mnada.

Turudi kwa Mboko. Yule binti, wazazi wake ni Wakongo, kazaliwa Marekani, kakulia Toronto. Siku anafungwa na Angella alikuwa na miaka 15. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, alipewa nafasi ya upendeleo kwenye mashindano ya Montreal, nyumbani, akawafunga Coco Gauff, Elena Rybakina, na fainali Naomi Osaka, 2-6, 6-4, 6-1. Zawadi yake ilizidi dola laki 7. Mume wangu, ambaye kwa siri ameanza kuugua nami, akaniletea habari ile huku ananiangalia kwa huruma, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba. "Si ndiye yule aliyefungwa na wako?"

Ndiye. Na nilimfurahia, nisiseme uongo, damu ya Kongo ni ya jirani. Ila sitaki kusikia mtu akiwaweka wawili hawa kwenye mizani moja. Mmoja anatoka nchi ambayo hata theluji ikianguka kuna viwanja vyenye paa. Mwingine anatoka kwenye nyumba ya bibi mfanyakazi wa shule. Julai ile wavu ulikuwa mmoja, na zile pointi mbili za mwisho, kutoka 9-9 hadi 11-9, zilikwenda upande wa Angella. Hakuna anayeweza kuzifuta, hizo hazina wiki 52.

Kwa hiyo naendelea. Akishinda naandika, akifungwa naandika, asipocheza naacha mstari mtupu. Lile daftari limejaa, nimenunua jingine la mistari mipana. La zamani sijalitupa. Siwezi, lina viuno vya nusu ya wanawake wa Lisekese, na wengine hawapendi vionekane.