Marahaba ya Shangazi

Kwa wiki tatu, kila baada ya swala ya alasiri, mwanamume mmoja wa Ibra aliendesha gari hadi Nizwa, ambako baba yake alikuwa amelazwa bila fahamu. Njiani alisikiliza albamu moja tu.

Albamu hiyo, The Human Equation, ilitolewa mwaka 2004 na Mholanzi Arjen Lucassen katika mradi wake uitwao Ayreon. Ni muziki wa metali wenye kisa kimoja: mtu amepata ajali ya gari, amezimia, na kwa siku 20, kila siku na wimbo wake, anazungumzishwa. Waimbaji ni 11. James LaBrie ndiye mgonjwa. Marcela Bovio ni mkewe, na Lucassen mwenyewe ni rafiki. Wengi wa waliosalia si watu bali ni hisia za mgonjwa: Mikael Åkerfeldt ni Hofu, Heather Findlay ni Upendo, Devin Townsend ni Ghadhabu.

Msikilizaji wa taarabu hatashangaa. Kwa Waswahili, moyo huambiwa, hukanywa na kulaumiwa kama jirani. Nafsi nayo humsuta mwenyewe. Jipya ni kwamba hapa kila mmoja amepewa koo lake, na mwenye mwili ni mmoja tu kati ya wasemaji.

Baba huyo alizaliwa Unguja, akafika Oman miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani wa ng'ambo warejee. Kiswahili alikiacha mlangoni, ili wanawe wasiitwe Wazanzibari shuleni. Kwa hiyo mwanawe anakisikia lakini hakisemi. Kando ya kitanda, wajukuu walimsemesha babu yao kwa Kiarabu. Dada yake, aliyeolewa Sur, alimsemesha kwa Kiswahili tu, akimkumbusha nyumba, visima na majina ya utotoni. Wauguzi walidai kwamba vidole vilitikisika aliposema yeye. Mwana hakuviona.

Katika albamu, baba, aliyeimbwa na Mike Baker, husikika siku ya 16 tu, naye huja kumdharau mwanawe. Ghadhabu ndiyo inayomjibu. Wimbo huo mwanamume aliuruka kila safari. Hasira yake mwenyewe haikuwa na makelele: alinyimwa lugha, na aliyemnyima sasa alikuwa haitikii lugha nyingine.

Siku ya 20 mgonjwa wa Lucassen huzinduka. Siku ya 20 huko Nizwa hakuna aliyezinduka. Mwana aliinama, akasema polepole, kwa lafudhi ya Ibra: "Shikamoo, baba."

Chumba kilikuwa kimya. Kisha shangazi, bila kuinua macho, akaitika kwa niaba ya kaka yake: "Marahaba, mwanangu."