Baba Mkubwa, Hiyo Hela ya Mganga Tufanye Nauli

Najua nimepotea, si unajua tena kipindi cha tesiti, halafu bumu lenyewe linasuasua. Leo sina stori za hosteli. Nataka tuongelee usonji, maana wiki hii mhadhiri wetu wa saikolojia ya elimu kaufundisha, na kwetu nyumbani hilo jambo si la kwenye desa tu.

Mdogo wangu wa mwisho ana usonji. Ana miaka 9. Hazungumzi sana. Anapanga vizibo vya soda kwa rangi, na ukisogeza kimoja tu, atajua. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa anaziba masikio na kulia mpaka izimwe. Ukimzoea ni mtoto mcheshi kweli, ila mpaka umzoee.

Sasa mtaani wana majibu yao. Wa kwanza anasema karogwa. Wa pili anasema mama alivunja mwiko akiwa mjamzito. Wa tatu anasema kadekezwa huyo, mchapeni. Wa nne kasikia kwenye simu kwamba ni chanjo. Hebu angalieni vizuri hayo majibu: yote yanaishia kwa mama. Baba yetu yupo pale pale barazani na hakuna anayemuuliza kitu!

Ukidhani huo ni uswahili wa kwetu tu, subiri. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 wenye hali hii, na humo akagusia kwamba wazazi wengi hawakuwa wachangamfu. Wengine wakalidaka hilo. Kina mama wakapachikwa jina la "mama friji", yaani mtoto kawa hivyo kwa sababu mama ana roho ya barafu. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, akatoa kitabu mwaka 1964 kupinga, akieleza kwamba chanzo kimo mwilini, si kwenye malezi. Lakini mwaka 1967 Bruno Bettelheim naye akatoa chake, akiwarudishia wazazi lawama zile zile. Na hiyo ya chanjo ilienezwa na makala ya mwaka 1998 kwenye jarida la Lancet, ambayo jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010. Yaani wasomi wenye madigrii yao walikuwa wanasema yale yale ya jirani yetu wa tatu.

Ukweli unaojulikana leo ni kwamba usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua, na vinasaba vina mchango mkubwa. Hauambukizi, na kiboko hakiuondoi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Piga hesabu ukumbi wetu wa mihadhara ukijaa.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Baba mkubwa kapiga simu, anataka dogo apelekwe kwa mganga, kisha abaki kijijini kwa bibi "ili mama apumzike". Na mama anaanza kukubali. Si kwamba anaamini uchawi, hapana. Amechoka. Ukimsikiliza vizuri, wala si mtoto anayemchosha, ni maelezo. Kwenye daladala ajieleze, kilioni ajieleze, shuleni ajieleze. Shule moja ilishamrudisha, ati hawana mwalimu wa "watoto hawa". Na hiyo ni wakati tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, inayompa mtoto kama huyu haki ya kusoma. Hapa Dar shule zenye kitengo cha usonji zipo, kama Msimbazi Mseto, ila ni chache. Kwa kwetu hiyo ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na genge la mama lifungwe.

Na dogo anajifunza jamani! Likizo iliyopita nilikata manila, nikachora kadi nne: maji, chakula, choo, nje. Zamani akitaka maji alikuwa analia mpaka tubahatishe. Wiki ya tatu akaniletea kadi ya maji, akaniwekea mkononi. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mpe haraka, asije akadhani hatujamwelewa."

Jumamosi kuna kikao cha familia. Shikamoo zitatolewa, chai itanyweka, halafu nitaomba kusema. Historia ya Kanner sitaipeleka, itawapa usingizi. Nitapeleka ratiba: nani ashike genge asubuhi, nani amfuate dogo shuleni mchana, na nauli ya mwezi tuchangieje. Bumu likiingia na mimi nimo.

Nyie walimu wenzangu, mkienda mazoezi ya kufundisha mkakuta mtoto wa hivi, muulizeni mama yake anapenda nini na anaogopa nini. Msimuulize alimfanya nini.

Na baba mkubwa, kama hela ya mganga ipo tayari, basi ya nauli tumeshaipata.

Haya, ngoja niwahi maktaba. Tutaonana wiki ijayo.