Mkutubi Naye Asome

Mkutubi wa shule ya umma, Kitale au Bungoma, hushika funguo za maktaba, ilhali njia ya kujiendeleza kwake ni nyembamba. Mwalimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Yeye huajiriwa na bodi ya shule, hivyo warsha za walimu humpita. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimefundisha sayansi ya habari tangu 1988, ila karo ni kizingiti. Mtaala wa umilisi, ulioenea nchini 2019, unamtaka mwanafunzi ajue kutafuta habari na kuzipima. Nani atamwelekeza, ikiwa mkutubi ameachiwa kazi ya kuhesabu vitabu? Bodi na zitenge siku chache za likizo, wakutubi wa miji hii wakutane, wafundishane. Taa haiwaki bila mafuta.