Kongamano la Mainjinia Si Chai ya Saa Nne

Wasee, niseme tu wazi: makongamano mengi ya uhandisi niliyoyaona hapa Kenya hayaunganishi mtu na mtu. Maprofesa na watu wa viwandani wanawekwa chini ya paa moja, wanakula samosa, kila mtu anarudi kwao.

Nimejitolea mara mbili kusajili wageni kwa kongamano la chuo fulani (sikitaji, bado nangoja cheti changu). Ukikaa kwa meza ya beji unaona mengi. Injinia wa kampuni anafika, anatia sahihi, halafu swali ni moja: "Pointi zangu zitaingia lini?" Simlaumu. Bodi ya Wahandisi inataka aonyeshe kuwa anaendelea kujifunza ndio leseni yake ifanywe upya, na makongamano yanahesabika. Profesa naye amekuja kwa sababu ya makala yake, maana bila machapisho hapandi cheo. Kwa hivyo wote wawili wanapata walichokuja kutafuta bila hata kusalimiana, na ripoti inaandikwa eti "ushirikiano umeimarishwa." Na nani?

Mabango ya wanafunzi ndiyo huniuma zaidi. Huwekwa kwa korido, karibu na choo. Mwaka jana dada mmoja alisimama hapo masaa matatu na mradi wake: kifaa cha bei ya chini kinachopima mtetemo wa mota ili kiwanda kijue mapema kama inaanza kuharibika. Watu wawili walisimama kwake, na mmoja alikuwa anauliza wifi. Ndani ya ukumbi, safu ya tatu, alikuwa amekaa meneja wa matengenezo wa kiwanda cha majani chai. Najua kwa sababu beji yake niliiandika mimi. Hawakuonana.

Sasa angalia jotoardhi. Olkaria imekuwa ikitoa umeme tangu 1981, na tangu 1979 Iceland imekuwa na mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi kwa wataalamu kutoka nchi nyingine. Kenya ndiyo imepeleka watu wengi zaidi. Kitu ninachokipenda pale ni kwamba injinia huenda na data ya nyumbani. Mfano ni silika: maji moto yanatoka chini yakiwa yameibeba, yakipoa inaganda ndani ya mabomba kama jiwe. Hilo si swali la kutungwa maktabani, limetoka kisimani. Huyo injinia akisimama kongamanoni baadaye, watafiti wanamsikiza na wenzake wa kazini pia wanamwelewa.

Hivyo ndivyo ningepanga letu. Miezi mitatu kabla, ziulize kampuni: ni nini kinawasumbua? Ukurasa mmoja, lugha ya kawaida. Watafiti na wanafunzi wajibu hayo maswali, na kila bango liwe na mtu wa kampuni aliyelisoma kabla hajafika. Hotuba za ufunguzi zipunguzwe, jameni. Siku moja nilihesabu saba, na nne zilianza kwa "itifaki imezingatiwa" kisha zikataja kila mtu. Chai iwe ndefu na mabango yawe hapo hapo penye chai. Pointi nazo zipeanwe jioni, si asubuhi.

Ngumu itakuwa data. Hakuna kampuni inataka kusimama mbele ya washindani wake iseme mashine zake huharibika kila mwezi, na hapo naielewa. Labda ije bila jina lake kwa karatasi, au mwanafunzi atie sahihi ya kutunza siri kabla hajapewa chochote. Mawakili wa chuo watachukua muda wao kama kawaida. Ndio maana nasema miezi mitatu, na hata hiyo naona ni michache.